Spika Mbili za Nyuma

Jumanne, 4 Juni
Shemeji kanunua sinema ya nyumbani! Amplifaya, spika tano na boksi la besi. Akataka kumwita Fundi Miwani wa pale kona. Nikamuuliza, utamwitaje mtu wa nje na mimi nipo? Akauliza nimesomea wapi. Nikamwambia kipaji hakisomewi. Dada akacheka mpaka akashika mlango. Huyu ndiye dada anayeapa mpaka leo kwamba pasi yake ya nguo iliyopotea mwaka jana niliiuza mimi. Damu moja kabisa!

Shemeji katoa sharti. Jumamosi saa tisa bosi wake anakuja kutazama filamu. Spika zikilia zote, chumba cha uani ni changu. Ikigoma hata moja, nabeba godoro narudi kwa baba. Kwa baba watu wanaamshwa alfajiri. Zitalia!

Jumatano, 5 Juni
Za mbele tatu na besi: tayari. Nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Hata mtoto wa chekechea angeweza, ila si kwa madaha kama yangu.

Ngoma iko kwenye mbili za nyuma. Dada hataki kuona waya ukutani. Basi zipite darini. Nimechungulia. Giza, vumbi, halafu dari limenyooka moja kwa moja hadi upande wa mama mwenye nyumba, maana sisi tumepanga nusu na yeye anakaa nusu. (Amesafiri. Raha iliyoje!) Buibui wa humo wana magoti. Mimi siingii.

Alhamisi, 6 Juni
Paka!

Nimemfunga nyaya mbili kiunoni, kwa ustaarabu, nikarusha kichwa cha samaki gizani. Kachomoka kama kaitwa na mkewe. Waya ukaenda, ukaenda, ukaenda. Nikajiambia, kumbe sebule yetu ni kubwa hivi.

Fundi Miwani akapita, akauliza kama nimepima. Nikamwambia jicho langu ndiyo futi. Akasema basi futi hiyo ina makengeza. Wivu utamuua.

Ijumaa, 7 Juni
Nimejikaza kiume, nimeingia darini mwenyewe, tochi mdomoni. Nimemkuta paka kaketi, anajilamba. Alipoketi, papo hapo nikatoboa. Matundu mawili, spika mbili, zinatazama chini. Huko chini giza tupu. Dada na mapazia yake!

Nimeshuka sebuleni. Dari safi, hata ufa hamna. Dada akauliza spika ziko wapi. Nikamwambia hiyo ndiyo sanaa, spika bora haionekani. Kazunguka anatazama juu mpaka shingo ikamuuma.

Fundi Miwani tena, kichwa dirishani. Eti kabla ya kufunga kazi, niguse ncha za waya kwa betri ndogo, spika itatoa mlio nijue iko wapi. Nimegusa. Krr! Kwa mbali sana, nyuma ya ukuta. Sasa spika ya nyuma ilitakiwa ilie wapi, mbele?

Jumamosi, 8 Juni
Saa nane mama mwenye nyumba karudi safari, hoi, kaenda kujilaza. Saa tisa bosi kafika. Filamu ya kutisha: mzimu unamwandama mwizi. Za mbele zinanguruma, vikombe vinacheza. Shemeji kaninong'oneza mbona nyuma kimya. Nikamwambia atulie, mzimu bado haujafika nyuma.

Ukafika. Mwizi kwenye skrini anatetemeka, anageuka, anapiga magoti. Sisi hatusikii kitu. Bosi akauliza huyu anaogopa nini.

Mara yowe ng'ambo ya ukuta! Mlango wetu ukafunguka bila hodi. Mama mwenye nyumba, taulo kichwani, kakumbatia pasi ya dada. Analia kwamba anairudisha, jamani anairudisha, aliiazima kwa gauni moja tu akasahau kusema, na sasa kuna sauti inamwambia kutoka juu ya kitanda: rudisha ulichochukua!

Dada katazama pasi. Kanitazama mimi. Nikasimama nipokee msamaha wangu. Shemeji yeye kaenda upande wa pili, katazama dari la mama wa watu, karudi. Kaleta godoro langu, kaliweka mlangoni.

Jumapili, 9 Juni
Bado nipo! Bosi alicheka mpaka akavua tai. Kisha kaniita pembeni: ana jirani aliyeazima ngazi yake, miaka mitatu sasa hajairudisha, anataka mtambo uleule. Shemeji hawezi kumfukuza fundi wa bosi. Godoro limerudi uani. Mama mwenye nyumba, kwa aibu ya pasi, anataka tu matundu yazibwe. Fundi Miwani ataziba, mimi nimshikie ngazi. Kaniambia nimejifunza sasa, nipime.

Nimejifunza sana. Kosa lilikuwa la paka. Nyaya mbili, paka mmoja, atafikaje sawa? Na nyumba ya bosi ni ghorofa. Nimeshaanza kutafuta paka wa pili.