Ijumaa Moja ya Kwenda Gdańsk

Jumatatu, 2 Juni

Bogna ametoa tangazo wakati wa supu. Kanunua tiketi mbili za treni, Radom hadi Gdańsk, asubuhi ya Alhamisi tarehe 19, Sikukuu ya Mwili wa Kristo. Kurudi Jumapili. Kiti kimoja ni chake. Cha pili, kasema, ni cha yeyote atakayekuwepo kukikalia. Alisema hivyo akipuliza supu, bila hata kuniangalia.

Ninaogopa, na nina sababu. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa nimemwahidi Gdańsk mara nne. Mara zote nne tumeishia kwenye kishamba cha Mama nje ya mji, tumeinama, tunachuma stroberi. Bogna anataka dirisha linalotazama mto Motława, asikie kengele za kanisa, ale samaki, asione stroberi hata moja. Mke wangu ninampenda. Ninataka niwe kwenye kile kiti.

Kikwazo ni Ijumaa tarehe 20. Siyo sikukuu. Nchi nzima huiombea ruhusa ili iunganishe na wikiendi, lakini chumba chetu cha ramani za viwanja kina watu wawili tu, na mmoja lazima abaki dirishani kuhudumia wateja. Mimi au Bi Wiesława. Bogna anasema niende tu kwa mkuu. Eti, "Gienek, mdomo si unao? Kaombe!" Maskini, hajui mambo ya ofisi. Ukiomba, umeshaonyesha karata zako. Mimi nitatumia akili.

Jumatano, 4 Juni

Mpango wa kwanza: kumkatisha tamaa Wiesława. Nimechapisha utabiri wa hali ya hewa wa wikiendi ile, mvua kila mahali, nikauacha karibu na birika kama niliyesahau. Nikaongeza kwa sauti kwamba mwenye busara siku hizo atabaki ofisini, kwenye joto.

Wiesława akausoma. Akanisoma na mimi. Akauliza tangu lini ninamjali asilowe. Nikajifanya hamnazo. Kumbe hakuwa na mpango wowote! Alitaka kukaa nyumbani na paka wake. Sasa akasema, kwa jina langu kamili kama ilivyo ofisini, "Ee, Bwana Eugeniusz, kama unaitaka Ijumaa hiyo kiasi hicho, basi lazima ni nzuri." Saa nne alikuwa ameshajaza fomu. Saa tano mkuu, Bwana Dobrzycki, alikuwa ameshaisaini.

Nimejipalia makaa mwenyewe. Lakini saini siyo mwisho wa dunia.

Ijumaa, 6 Juni

Leo nimeshughulikia chumba. Bogna amenikabidhi hilo tu, kwa sauti ya mtu anayempa mtoto kikombe cha udongo.

Nimempata mama mmoja Gdańsk, Bi Felicja, ana vyumba viwili. Kimoja kinatazama mto, kingine kinatazama mapipa ya taka. Cha mto kimeombwa na daktari wa Poznań. Nikamwambia sisi ni maharusi. Ndoa ya juzi! Akauliza bibi harusi ana umri gani. Nikasema mapenzi yetu yamechelewa kidogo. Bi Felicja akalia kwenye simu. Daktari wa Poznań kahamishiwa kwenye mapipa.

Nikamwambia Bogna tumepata dirisha la mto. Akanibusu shavuni. Sikuingia kwenye maelezo. Ushindi mkubwa!

Alhamisi, 12 Juni

Nimepata! Jibu lilikuwa kifuani kwa mkuu muda wote. Bwana Dobrzycki huvaa kile kibeji chekundu cha wachangia damu, na mimi kwa miaka kumi nimekiona kama pambo. Kumbe mchangia damu hupewa siku mbili za mapumziko kisheria. Mbili! Na chokoleti nane. Mkuu hawezi kukataa, Wiesława hawezi kulalamika, hakuna wa kumwomba.

Nikakaa na kalenda. Nitatoa damu Jumatano tarehe 18. Siku ya kwanza, Jumatano. Alhamisi ni sikukuu, haihesabiki. Siku ya pili, basi, ni Ijumaa. Sikumwambia mtu. Akili kama hii haitangazwi.

Dosari moja tu: nikiona sindano huwa ninaanguka.

Jumapili, 15 Juni

Chakula cha mchana kwa Mama. Mama amesema stroberi mwaka huu zimeiva zote kwa pamoja na magoti yake hayainami. Akamtazama Bogna. Bogna akatazama kuku. Nikasema kwa madaha kwamba wikiendi ijayo tuko Gdańsk, kila kitu kiko tayari. Mama akasema hajaiona bahari tangu alipokuwa mjamzito, mimba yangu, na hata hapo alitapika. Akaomba tumletee kaharabu, yale mawe ya njano ya huko, ya kujisugulia magoti.

Njiani Bogna akaniuliza kama nimeomba ruhusa. Nikasema limemalizika. "Umeomba?" Limemalizika, nikasema. Akanishika mkono hadi nyumbani. Nilijisikia vizuri, na vibaya kidogo.

Jumatano, 18 Juni

Niliingia kituo cha damu asubuhi mapema, nikitegemea foleni. Watu watatu! Radom nzima haina akili! Muuguzi akashangaa kwamba sikutaka kuja keshokutwa kama wengine, maana Ijumaa watu wamejaza nafasi zote tangu mwezi uliopita. Nikamkonyeza. Akaniuliza kama jicho linaniuma.

Nilianguka mara mbili. Mara ya kwanza kabla ya sindano. Lakini damu ilitoka, cheti nikapewa, na chokoleti nane, moja nikaila hapo hapo kwa amri ya daktari.

Nikaenda ofisini moja kwa moja, mweupe kama jibini, kupeleka cheti. Ningeweza kukituma. Nilitaka Wiesława aone. Mkuu akakisoma, akanipongeza, akaniuliza kama nina jambo jingine lolote la kumwambia. Akaningoja. Wiesława naye akaacha kupiga mihuri. Nikasema hakuna, kila kitu kiko sawa, tutaonana Jumatatu.

Mkuu akasema tutaonana Ijumaa.

Akanieleza taratibu, maana yeye ametoa damu miaka thelathini. Siku ya kutoa, na siku inayofuata. Inayofuata kwenye kalenda. Kesho. Iwe sikukuu isiwe sikukuu, sheria haijali. Ndiyo sababu wenzangu wote wenye akili wamejiandikisha Ijumaa.

Nilitaka kuanguka mara ya tatu lakini palikuwa na Wiesława.

Nimemwambia Bogna jioni. Hakupiga kelele. Ningependa apige. Aliuliza tena lile swali moja, kama niliomba, na safari hii nikasema sikuomba. Akaenda kwenye simu. Nikamsikia akisema, "Mama, magoti yanaweza kukaa kwenye treni?"

Alhamisi, 19 Juni

Wameondoka. Mama kavaa kofia ya Pasaka, kabeba kapu la mayai ya kuchemsha na vipande vya nyama vilivyokaangwa vya kutosha kikosi cha zimamoto. Dirishani kanikabidhi ufunguo wa kishamba. "Gienek, anzia upande wa uzio, na usile." Bogna alinipungia mkono mpaka treni ilipopinda. Afadhali asingepunga.

Maandamano ya Ekaristi yakapita chini ya nyumba yetu. Watoto walirusha maua. Nilikuwa dirishani na chokoleti ya tatu. Nilijionea huruma sana.

Ijumaa, 20 Juni

Dirishani tangu saa mbili. Wateja: hakuna. Nyigu: mmoja.

Saa sita mkuu akaja na chai, akakaa kwenye kiti cha Wiesława. Akasema Wiesława alimwendea Jumatatu. Alimwambia kwamba Bwana Eugeniusz anaihangaikia hii Ijumaa mpaka anatabiri mvua, na akija kuiomba apewe, yeye na paka watakaa siku nyingine. Mkuu akaningoja Jumatatu. Akaningoja Jumanne. Jumatano aliniuliza kabisa, waziwazi, wote wawili wakinitazama. "Ungefungua mdomo tu, bwana wewe."

Niliona aibu. Ninaliandika hili mara moja na sitalirudia.

Jumamosi, 21 Juni

Kishambani. Ndoo sita. Mgongo umekufa.

Bogna kapiga simu, kengele zinasikika nyuma yake. Bi Felicja aliwapokea mlangoni kwa mkate na chumvi na glasi mbili, kama maharusi wanavyopokewa kwetu. Akamtazama Bogna, akamtazama Mama na kofia yake, akasema siku hizi yeye hashangai. Mama akanywa glasi zote mbili, akazivunja kizingitini kama ilivyo desturi. Kitandani kuna maua ya waridi. Daktari wa Poznań kawapigia makofi.

Bogna alicheka mpaka akashindwa kusema. Sijamsikia akicheka hivyo miaka mingi. Kisha akatulia, akasema dirisha ni zuri kweli, na alitaka nilione. Akasema mwaka una sikukuu nyingine, Gienek, ila safari ijayo nenda ukaombe. Basi. Kuomba tu. Nikamwahidi.

Jumapili, 22 Juni

Usiku nimefikiri sana juu ya maneno ya Bogna. Yana ukweli mtupu. Asubuhi nikafungua kalenda.

Sikukuu ya Uhuru, 11 Novemba, ni Jumanne. Jumatatu iko katikati, inangoja mtu wa kuiunganisha. Kuomba? Nitaomba, bila shaka. Lakini si hivi hivi. Kesho nitampelekea Wiesława ndoo mbili za stroberi na kumwambia, kama niliyepitiwa, kwamba Novemba mimi sina mpango wowote wa kwenda popote.