Wiki Niliyofundisha Sanaa Waithaka

Jumatatu, 13 Aprili

Sijawahi kumwambia mtu haya. Kikapu kilichonishindia tuzo ya sanaa nikiwa gredi ya sita sikukisuka mimi. Alikisuka Anti Jacklyne, dada yake Mama, kwa siku mbili, huku mimi nikisoma riwaya chini ya meza. Cheti kiko sebuleni juu ya televisheni. Mama huwaonyesha wageni kabla hawajaketi.

Sasa cheti hicho kimenichongea. Mwalimu Awiti wa shule ya Jumapili amenikabidhi watoto kumi na wawili wa gredi ya nne niwafundishe sanaa likizo hii, katika ukumbi wa kanisa. Kukataa kungehitaji maelezo. Nikatikisa kichwa kukubali. Nikiona haya kichwa hutikisika chenyewe.

Kundi la pili amepewa Clifford, tunayesoma naye darasa moja. Clifford anajua kuchora kweli! Jumamosi atakuja Bi. Saleha, mwenye duka la fremu na vinyago katikati ya jiji. Atachagua kazi moja ya kuwekwa kwenye ukumbi wa jengo la ofisi kule Upper Hill. Lazima itoke kwangu. Kundi langu likiaibika, watu wataanza kuuliza maswali kuhusu kikapu.

Nimeazima vitabu vinne maktaba. Nimevisoma vyote. Ugumu uko wapi?

Jumanne, 14 Aprili

Ugumu upo.

Niliwasomea kurasa tisa kuhusu mstari wa upeo. Mtoto mmoja akalala. Wavinya, miaka tisa, mapengo mawili mbele, akainua mkono. "Ticha, si uchore tuone?" Nikamjibu kwamba mchoraji bora hufundisha macho kwanza. Akasema macho yake yako tayari.

Nikachora ng'ombe ubaoni. Nzuki akasema ni kochi. Mwenzake akasema zii, hilo ni gari, Probox imegongwa. Wavinya akawapatanisha: ni kochi, lakini limegongwa na Probox.

Nikawapongeza kwa ubunifu wao. Nikafuta haraka sana.

Clifford akachungulia mlangoni. "Niaje, Profesa? Leo ni fanicha?" Watoto wake wanapiga chapa kwa viazi vilivyokatwa. Wamejaa rangi hadi masikioni na wanacheka muda wote. Inaudhi.

Jumatano, 15 Aprili

Nimepata! Nilikuwa napiga mswaki.

Clifford ana kipaji, lakini mimi nina uzoefu. Najua kitu asichokijua yeye: ukimpa mtoto wa gredi ya nne kazi ya sanaa apeleke nyumbani, haifanywi na mtoto. Inafanywa na nyumba nzima. Mama anashona, baba anapiga msumari, jirani anaitwa. Hakuna mzazi Waithaka anayekubali mwanawe aonekane wa mwisho.

Asubuhi nikawaambia watoto: kila mtu aunde kitu nyumbani, kwa vifaa vinavyopatikana, alete Ijumaa. Nikawaandikia wazazi barua. Nikapigia mstari maneno "kitaonwa na wageni". Mara mbili.

Ijumaa, 17 Aprili

Ushindi! Meza imejaa. Nzuki ameleta twiga wa mbao, anang'aa, shingo kama ya malkia. Kuna mkoba wa shanga. Kuna nyumba ndogo yenye taa inayowaka na kuzima. Baba mmoja alibeba kazi ya bintiye mwenyewe kwa sababu rangi ilikuwa bado mbichi. Akanionya nisiiguse.

Clifford alisimama akaangalia kwa muda mrefu. Siku tamu zaidi ya mwaka.

Dosari ni moja. Mama yake Wavinya hufanya usafi hospitalini zamu za usiku na hakuwa na nafasi, kwa hiyo Wavinya ameunda chake mwenyewe. Gunzi la mahindi. Macho ya vifuniko vya soda. Tundu kubwa katikati ya uso na kipande cha katoni kimebandikwa kidevuni. Nadhani ni kuku mgonjwa. Nikamwambia ni kizuri mno kuachwa mezani, vumbi litakiharibu. Wote walipoondoka nikakificha nyuma ya pazia, kando ya ngoma za kwaya.

Jumamosi, 18 Aprili

Ole wangu.

Bi. Saleha alikuja na baibui jeusi na miwani inayoning'inia kwa uzi. Akaenda moja kwa moja kwa twiga. Akamwinua. Akampindua miguu juu.

"Huyu ni wangu," akasema.

Nikamweleza kwa heshima kwamba ni wa Nzuki.

"Mwanangu, huyu nimemuuza mimi, Jumatano, na mnunuzi akanibembeleza bei mpaka chai ikapoa." Chini ya kwato palikuwa na stika ya duka lake. Nzuki akaona asaidie. Akasema ni kweli, baba alimleta amefungwa kwa gazeti, na yeye hata kumshika hajaruhusiwa.

Bi. Saleha akauliza mkoba wa shanga umetengenezwa na nani. Mwenye mkoba akajibu kwamba mamake alisema akiulizwa aseme ni yeye. Clifford aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanacheza.

Hapo Wavinya akauliza kwa sauti chake kiko wapi. Nikakohoa. Akatafuta mwenyewe, akatoka nyuma ya pazia amekikumbatia.

Bi. Saleha akauliza huyu ni nani.

"Ni Ticha."

Akaeleza bila haraka. Mdomo uko wazi kwa sababu Ticha anasoma. Hiki hapa kidevuni ni kitabu. Bi. Saleha akauliza mbona hana mikono.

"Ya nini? Si hachori."

Bi. Saleha akaanza kucheka, akacheka mpaka akatafuta kiti. Mwalimu Awiti aliniangalia mimi, akaangalia gunzi, akaniangalia tena. Nikajua yamekwisha. Cheti, Mama, kila kitu.

Bi. Saleha akapangusa macho. Akasema amechagua hiki, maana mtoto huyu hakuiga mtu, aliachwa atazame. Mwalimu Awiti akapata nuru! Kumbe hiyo ndiyo mbinu yangu: kutowaonyesha watoto chochote. Akaniuliza kama ndivyo.

Kichwa kikatikisika.

Jumapili, 19 Aprili

Mama ametangazia safu nzima kanisani kuhusu mbinu yangu.

Baada ya ibada Wavinya alinivuta pembeni. Anataka kuunda sanamu ya mamake. Huyo lazima awe na mikono, tena mikubwa, kwa sababu ndiyo anayofanyia kazi siku zote. Amejaribu mara tano, na vidole vinamshinda. Akaninong'oneza, "Ticha, nifundishe mikono. Hata mmoja tu."

Hapakuwa na mtu karibu. Clifford alikuwa mbali langoni. Ilikuwa nafasi nzuri ya kusema ukweli, na mtu wa kumwambia alikuwa ndiye. Nikafungua mdomo.

Nikamwambia mikono ni somo la juu sana, lakini kesho nitamletea mmoja niliouchora mwenyewe.

Nimerudi nyumbani, nimefunga mlango wa chumba. Nimelaza kiganja changu cha kushoto juu ya katoni, nimekizungushia penseli, nikakata kwa makasi. Kidole gumba kimetoka kinene kidogo. Nimeandika jina langu chini yake, na tarehe.