Mbolea Iliyostaafu Jeshini

Inatangazwa kwa wakazi wote wa Beechmont kwamba kuanzia Jumatatu mbolea ya chumvichumvi ni silaha iliyostaafu na lazima iandikishwe. Atakayeificha atanyang'anywa shamba.

Tangazo la Idara ya Mboga na Usalama lilibandikwa kwenye uzio wa bustani, masika ya 2015. Emérence alilisoma kidole kikifuata kila neno. Lengalenga zake, mchicha wa kwao Kongo, zilikuwa njano, na dawa yake ilikuwa mfuko mmoja tu wa mbolea.

Mratibu wa Naitrojeni, Liberati, Mkongomani mwenzake mwenye koti jipya la mifuko sita, alimfafanulia.

"Bon, mama. Kwa vita ya pili ya dunia, serikali ya hapa Amerika ilijenga viwanda kumi vya amonia, juu ya kutengeneza mabomu. Vita ikaisha, viwanda vikakosa kazi. Donc wakamwambia mkulima: weka hii naitrojeni, mahindi itanenepa."

"Na wale walijenga viwanda, mulibaandikisha?"

"Wale ni serikali, mama. Jaza fomu."

Swali la saba lilisema: taja kila mahali unapojua pana naitrojeni. Sasa, Emérence alikaa kambi ya wakimbizi miaka kumi na nne, akahojiwa mara tisa kabla ya kuletwa Amerika. Huko jirani yake alisahau kumtaja shemeji mmoja, faili likalala miaka sita. Kwa hiyo hakuacha kitu. Aliandika mfuko wake. Akaandika na mifuko arobaini ya stoo ya idara, anakochukua ufunguo wa bomba, mifuko ya kunenepesha nyasi za Mkurugenzi wa idara.

Liberati alisoma, akamrudishia fomu. "Mama, hii ya ofisi, futa."

"Nifute, papa? Wenye walifuta bangali kule kambini mpaka leo."

Nakala ilikuwa imeshakwenda makao makuu. Ijumaa wakaguzi wakaja, wakahesabu, wakafungua kanuni ambayo Mkurugenzi mwenyewe aliitia saini: zaidi ya mifuko mitano ni ghala la vita; ardhi ya mhusika apewe mkulima aliyesema kweli. Aliyesema kweli alikuwa mmoja.

Jumamosi Emérence aling'oa nyasi mbele ya ofisi, akapanda lengalenga mpaka chini ya bendera. Mkurugenzi akatoka, tai shingoni, kuuliza atarudishiwa lini uwanja wake.

"Bon, chef," Liberati akamjibu kwa heshima zote, akimpa kalamu. "Andika maombi. Utaitwa kwa interview."