Yusufu Mkaza-Klipu na Kilima cha Kilambo

Sogezeni mikeka, enyi wabangua korosho. Epueni vyungu, nyamazisheni simu, msikie habari za Yusufu bin Salumu, simba wa usukani, bwana wa gari kuukuu lenye tabo ya kuisukumia injini upepo, gari lililokwisha kufikia umri wa kupiga kura.

Siku hiyo alimchukua mama mkwe wake, Bi Tatu, kutoka Mpapura, ampeleke Kilambo awahi boti ya saa tisa. Ng'ambo ya Ruvuma alikuwa dada yake, na walikuwa hawajaonana mwaka wa kumi na moja huo. Lakini mkwe ni mkwe: hatazamwi usoni wala hasemezwi. Basi Bi Tatu akakaa nyuma na kikapu chake cha mihogo mikavu, kilichofungwa kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na maneno yote yakavushwa na Amina, mke wa shujaa, kama pantoni.

Kilimani gari likalia fyuuu, likatema moshi mweusi, likagoma kama beberu aliyeona kisu. Yusufu akashuka, akafunua boneti kama afunguaye lango la ngome. Akazivamia plagi, akazing'oa, akazirudisha. Akalikung'uta chujio la hewa. Akaituhumu petroli kwa uhaini. Gari halikusalimu amri.

Josephu wa bodaboda akasimama. "Kaka Yusufu, simba wako leo ana pumu? Mlete bibi huku, nimfikishe."

"Ewe mpanda chuma cha magurudumu mawili," akanguruma Yusufu, "mkwe wangu hapandi pikipiki mimi nikiwa hai."

"Haya. Ukifa utanipigia."

Saa nane ikawa imepita. Ndipo Bi Tatu, binti wa mfua majembe, akakiambia kikapu chake, "Kitendawili."

"Tega," akaitika Amina.

"Baba avukuta, makaa hayawaki."

"Makaa mabichi?"

"Nipe mji."

"Chukua Mpapura."

"Nilikwenda Mpapura, nikamkuta baba akivukuta. Kumbe mvukuto umechanika shingoni, upepo unaishia njiani. Nao ulilia hivihivi, fyuuu."

Yusufu, ambaye hakusikia kitu, maana mkwe hasikilizi ya mkwe, akainama ghafla kwa akili yake mwenyewe. Akaliona bomba la mpira lipelekalo upepo wa tabo kwenye injini: mdomo umechanika, klipu imelegea kama mkanda wa mlevi. Akaukata mdomo uliochanika kwa kisu, akalirudisha, akaikaza klipu kwa ncha ya kisu hichohicho. Klipu ikakazika nusu, ikagoma.

Amina akampa ule ukanda wa mpira wa baiskeli. "Kikapu kimesema kimechoka kufungwa."

Akaufunga mizunguko saba. Kilima kikapandwa, na mbuzi wa kando ya barabara wakapisha jeshi.

Kilambo boti ilikuwa ingali imefungwa kamba. Yusufu akaunyoosha mkono kwenye ufunguo azime.

"Mvukuto ukiwa wa moto haukatizwi," Bi Tatu akakiambia kikapu. "Huachwa upumue kwanza."

Mkono ukarudi wenyewe. Bi Tatu akavuka, mihogo ikimdondoka kwa kukosa ukanda, na shujaa akabaki ameinamisha uso kwa adabu, injini ikipumua polepole, hadi boti ikagusa ng'ambo.

Basi iandikwe, na watoto wafundishwe: siku hiyo klipu moja ilikazwa, na Yusufu bin Salumu hakuelekezwa na mtu yeyote.