Jinsi Marlys Kubik Alivyokitwaa Kitabu cha Mwisho Kule Omaha

Nileteeni wino mweusi na karatasi pana, nanyi mlioko sebuleni na mlioko jikoni tulieni, lazeni simu kifudifudi, nipate kuwasimulia vita vilivyopiganwa Omaha mwezi wa Novemba, katika mkutano wa mwaka wa walimu wa Kiingereza wa jimbo la Nebraska, kule Marekani, vita ambavyo wanahistoria wamevipuuza kwa uvivu wao na husuda zao. Damu haikumwagika. Kahawa ilimwagika, tena nyingi, wala hakuna aliyeililia, kwa maana kahawa ya mkutano ule ilikuwa maji ya moto yenye huzuni.

Aliondoka mjini kwake Pelton alfajiri ya siku ya mwisho ya mkutano, Marlys Kubik, Simba wa Darasa la Nane, Mfuta Ubao, Mstahimili Vikao, amevaa sweta la zambarau na raba zilizokwisha kuona mengi. Na ubavuni mwake ameketi Lyle Amundsen, mwalimu mwenzake, mkongwe wa vita vya aya na nukta, akila mkate wa mdalasini na kumwaga makombo ndani ya gari la watu.

Wala msidhani alikwenda kutafuta elimu. Alikwenda kutafuta kitabu. Katika darasa lake alikuwako binti aitwaye Shayla Rooks, ambaye tangu azaliwe hakuwahi kumaliza kitabu hata kimoja, mpaka alipoletewa hadithi ya mabinti wachimba makaburi wa mwezini, akaimeza sehemu ya kwanza, akaimeza ya pili, akaja na macho mekundu kudai ya tatu. Na ya tatu haitauzwa madukani mpaka Aprili, ilhali Shayla na mama yake wanahamia Wyoming kabla ya Krismasi. Marlys alijua fika kwamba mtoto yule akiondoka na njaa ile haijashibishwa, huenda asifungue kitabu tena. Na jambo hilo lilimuuma kuliko alivyotaka watu wajue.

"Mwaka jana ulirudi na kalamu za bure na mfuko wa kitambaa," akasema Lyle. "Watoto walikucheka mpaka Pasaka."

"Mwaka huu sirudi na kalamu. Nimemwahidi Shayla mbele ya darasa zima, Lyle. Nikirudi mikono mitupu atasema walimu wote ni wale wale, na sitakuwa na la kumjibu."

"Basi ukizidiwa niite, mama. Nitakuwa pale kwenye keki."

Asubuhi nzima mashujaa walivumilia mihadhara. Bwana mmoja mwenye utepe wa dhahabu kifuani aliwaeleza namna ya kuwafanya watoto wapende kusoma, akaandika kila neno ukutani kwa mwanga wa mashine, kisha akawasomea kila neno aliloliandika, mpaka watu wazima wenye shahada wakasinzia wakiwa wima. Marlys hakusinzia. Alikuwa akipiga hesabu ya milango.

Kwa maana desturi ya mikutano ile ni hii: wachapishaji hupanga vitabu vyao vipya, hata vile ambavyo havijafika madukani, kwenye meza za ukumbi mkubwa, watu wavitazame tu na kuvishikashika, lakini saa ya mwisho ya siku ya mwisho, kwa kuwa hawapendi kubeba mizigo kurudi nayo kwao, husema chukueni. Na neno hilo likishatamkwa, ustaarabu hukoma. Walimu wale wanaofundisha watoto kupanga foleni, na kupokezana, na kusema tafadhali, hugeuka jeshi. Viwiko hutoka, mikoba huzungushwa, na masanduku ya magurudumu hupita juu ya vidole vya miguu bila kuomba radhi.

Na mkuu wa jeshi hilo alikuwa Daphne Oberholt, Mburuta Sanduku, kutoka shule ya vitongoji vya matajiri ambako maktaba ina makochi, mwanamke mrefu mwenye miwani ya rangi ya chungwa, ambaye hakuwahi kurudi mtupu hata mwaka mmoja. Walipokutana mlangoni walipimana kwa macho.

"Marlys, mpenzi," akasema Daphne, "bado una raba zile zile?"

"Zinakimbia bado. Na wewe, umeleta sanduku au jeneza?"

"Nimeleta kipimo cha bidii yangu. Kaa nyuma, dada, usije ukaumia."

Neno likatamkwa, milango ikafunguka, likasikika ngurumo ya magurudumu. Marlys alijifunga kibwebwe akaingia ubavuni, akaruka zulia lililokunjamana, akampita mwalimu wa mji wa Lincoln aliyekuwa amekumbatia kamusi na kulia kwa furaha, akaponyoka mbele ya jukwaa la mabango, naye anahema, sweta limepanda, nywele zimekwenda zake. Na alipoifikia meza ile ya wachimba makaburi alikuta lundo lote limekwisha, kimebaki kitabu kimoja, na juu ya kitabu hicho umelala mkono wa Daphne Oberholt, huku mkono wake mwingine ukishika mpini wa sanduku.

"Nimeshakigusa," akasema Daphne. Alikuwa hajakinyanyua bado, kwa kuwa sanduku lilikuwa limejaa mpaka zipu inalia, naye alikuwa akifikiri pa kukitia.

Kumvuta? Walikuwa watu wa heshima, angalau mchana. Kumsihi? Nyuma yao umati ulipiga kelele kiasi cha kutosikia hata kilio. Marlys alisimama hapo akimwona Shayla akipanda gari la Wyoming bila kitu mapajani. Na mkono wake wa kulia, bila kuamriwa na mtu, ukafanya lile ambalo hufanya kila siku kelele zinapomshinda. Ukapanda juu, kiganja wazi, na mdomo wake ukafumbika.

Kila mwalimu wa nchi ile anaijua ishara hiyo: ukiuona mkono juu, nawe wako juu, na mdomo kimya. Wamewafundisha watoto miaka na miaka mpaka imewaingia wao wenyewe kwenye mifupa. Wa karibu aliuona akanyoosha. Wa nyuma yake akamfuata. Ukimya ukatambaa toka meza hadi meza, mpaka ukumbi mzima wa majambazi ukasimama kimya, mikono juu, vitabu vimebanwa kwapani. Na Daphne naye akanyoosha. Mpini hakuuachia. Alinyoosha mkono ule mwingine, uliokuwa juu ya kitabu.

Sasa mamia ya macho yakamtazama Marlys, yakingoja maagizo.

"Asanteni," akasema. "Geuka kwa jirani yako. Mwambie kitabu gani kilikufanya uwe mwalimu."

Ukumbi ukalipuka kwa maongezi. Lyle, keki mkononi, alimgeukia mlinzi wa mlango, ambaye hakuwa mwalimu, akaanza kumweleza. Na Daphne akamgeukia jirani yake wa karibu kabisa, yaani Marlys.

"Mimi babangu alikuwa dereva wa malori," akasema, na sauti yake haikuwa ile ya mlangoni. "Hakuwa anasoma vizuri. Alikuwa ananipigia simu toka njiani, nimsomee mimi kitabu, kila jioni, mpaka anafika Denver. Siku niliyokimaliza alisimamisha lori akaomba nianze upya."

Marlys alimsikiliza. Alisikiliza kwa macho na kwa moyo, bila hila yoyote, machozi yakimlenga. Na wakati huo huo mkono wake wa kushoto ulisafiri taratibu juu ya kitambaa cha meza, ukakuta jalada, ukalifunika, ukarudi nalo nyumbani chini ya sweta la zambarau.

Daphne alipomaliza alitazama meza. Akamtazama Marlys, na uvimbe wa pembe nne tumboni mwake.

"Umeniibia."

"Nimekusikiliza pia."

"Kweli umenisikiliza," akasema Daphne, akavua miwani akaifuta. "Hakuna aliyenisikiliza tangu shule zifunguliwe Agosti. Haya, nenda nacho. Lakini mwakani sanduku naliacha nyumbani, nije na mikono yote miwili."

Hivyo ndivyo Omaha ilivyotekwa. Jumatatu, saa ya somo la viunganishi, kitabu kilikuwa kwenye deski la Shayla Rooks kabla hajaketi. Alikitazama, akamtazama mwalimu, akakitelezesha chini ya deski, na darasa lilipoanza alikuwa ameinamisha kichwa anasoma, akidhani hakuna amwonaye. Marlys Kubik alimwona. Basi Simba wa Darasa la Nane akaligeuzia darasa mgongo, akaandika viunganishi ubaoni, akaviandika vyote, kisha akaanza kuandika na vile visivyohitajika, taratibu, kwa herufi kubwa, mpaka kengele ikalia.