Vita vya Keki ya Kumuaga LaVonne

Sogeeni, enyi wapenda vita, wekeni vijiko chini na mtege masikio yenu vizuri, mzisikie habari za LaVonne Stuckey, jemadari wa krimu, mpambaji wa keki zote za harusi, ubatizo na talaka katika mji wa Plover Falls, na jinsi alivyoiokoa keki moja isiliwe, siku ambayo theluji ilifika magotini na adabu ikashuka chini ya hapo.

Ilikuwa hivi. Mahakama ya wilaya ilimwita LaVonne aketi katika jopo la raia wanaotoa uamuzi mahakamani, asikilize kesi ya mtu aliyeiba mashine ya kusukuma theluji ya jirani yake. Akaenda, maana huko Wisconsin, Marekani, wito wa jopo haukataliwi. Aliporejea kwenye duka la vyakula alikoajiriwa, amevimba kwa hekima ya sheria, alimkuta mwenye duka, Duane Tollefson, sultani wa rafu, mfalme wa maziwa na jibini, amesimama mlangoni pa chumba cha mapumziko, masikio mekundu.

"LaVonne, dada yangu, usinichukie," alisema Duane. "Ulipokuwa mahakamani nilipamba keki ya harusi mimi mwenyewe. Bibi harusi alilia."

"Kwa furaha?"

"Si kwa furaha. Basi, kuanzia leo, pumzika. Sina haja ya kukupa sababu, sheria ndivyo inavyosema. Ila nimekuletea keki."

Na kweli, katika nchi ile mwenye duka akiamka vibaya aweza kukufukuza kwa sababu nzuri, kwa sababu mbovu au bila sababu, nawe ukachukua koti lako ukaenda. Lakini Duane alilelewa na mama mwenye adabu. Katika duka lake hakuna aliyepata kuondoka bila keki ya kuagwa, na kwa kuwa aliyezipamba ndiye aliyekuwa akifukuzwa, sultani alishika mfuko wa krimu kwa mkono wake mwenyewe. Juu ya keki, kwa herufi zilizoyumba kama walevi wanaorudi nyumbani, palisomeka: KWAHERI LAVONNE. SASA UNA MUDA WOTE WA KUKAA MAHAKAMANI.

LaVonne alisoma. Moyo ukamwanguka, maana bima ya afya ya kazi ile ndiyo iliyomletea mumewe Orville insulini, na Orville bila insulini si Orville tena. Akasoma mara ya pili. Hapo moyo ukapanda, ukavaa deraya! Alimkumbuka jaji mwenye kope nzito, aliyewaambia wote wa jopo: mwajiri asithubutu kumfukuza mtu kwa kuitumikia mahakama, sheria imekataza.

Lakini tayari jeshi lilikuwa limewasili. Trudy wa buchani, shujaa wa soseji, alikuja na uma. Clem wa mboga alikuja na sahani ya karatasi, na nyingine chini yake kwa dharura.

"Kata basi, shoga!" alisema Trudy. "Mapumziko yenyewe mafupi, na mimi nataka pale penye waridi."

LaVonne akaruka, akatanda juu ya meza kama kuku juu ya vifaranga. "Rudini nyuma, enyi walafi! Hii si keki. Huu ni ushahidi!"

"Ushahidi wa vanila?" aliuliza Clem. "Si upige picha tu, mama, tule?"

"Kwenye kesi ya mashine ya theluji walibishania picha mpaka jaji akasinzia. Huu ni mwandiko wa Duane. Nani mwingine anaandika R iliyolala chali?"

Wote wakainama, wakatazama. Hakuna mwingine.

"Jamani, ni keki tu," alisema Duane, na masikio yake sasa yangeweza kuoka mkate.

Ndipo ulipofanyika mkataba mkuu wa Plover Falls: kingo ziliwe, waridi ziliwe, lakini herufi zisiguswe hata kwa ulimi. Trudy alikula huku akinung'unika. Kikabaki kisiwa cha maneno, na LaVonne akakibeba mpaka garini, akakifunga mkanda wa usalama kwenye kiti cha abiria, akaendesha hadi kwa wakili bila kuwasha hita, meno yakigongana, krimu ikiwa imara kuliko yeye.

Wakili Rosalind Petrakis, ambaye ushauri wa kwanza hutoa bure, aliizunguka keki mara mbili.

"Mama LaVonne, angekufukuza kimya kimya, tungehangaika kutafuta sababu aliyoificha. Njia zipo: kulalamika kwa ofisi ya kazi, kwenda mahakamani. Lakini huyu bwana ameiandika sababu yenyewe, tena kwa rangi ya waridi. Ngoja kwanza nimpigie simu."

Akapiga. Alisema maneno machache, yote ya adabu. Upande wa pili palisikika pumzi, kisha kitu kama trei ikianguka.

Keki ikalala kwenye friza la LaVonne kati ya njegere na samaki, Orville akiapishwa asiiguse. Na kabla theluji haijayeyuka, jemadari alirudi kwenye meza yake, aproni kifuani, bima mahali pake, insulini ya Orville salama.

Duane alikuwa ameandaa keki ya kumkaribisha. Ilikuwa nyeupe, laini, pana kama uwanja, na juu yake hapakuwa na herufi hata moja, wala nukta. Sultani alikuwa amejifunza sheria.

"Mbona haisemi kitu, bosi?" aliuliza Trudy.

"Haisemi kitu," alijibu Duane, akiangalia dari. "Na mimi sisemi kitu."

LaVonne akauchukua mfuko wa krimu, akaupuliza vumbi kama upanga uliotoka vitani, akaandika kwa mwandiko wake maarufu, bila herufi moja kulala chali: NIMERUDI.

"Sasa kuleni," alisema. "Hii si ushahidi."

Wakala, na Clem alitumia sahani zote mbili. Na hivyo ndivyo Plover Falls ilivyookolewa.