Alhamisi Tunafunga

Jumatatu, 3 Machi

Viti vyangu vya kukodisha vimenishinda. Viko sebuleni, viko koridoni, viko mpaka juu ya kabati. Jana nimelala nimekumbatia kiti. Mama hasemi kitu. Siku hizi Mama hasemi kitu kabisa. Anakaa, anaangalia ukuta, nikimuuliza jambo anaguna tu.

Leo habari njema! Bwana wa halmashauri amenipigia simu, maana funguo za ukumbi wa mtaa natunza mimi. Ndiyo sababu wananiita Mwenye Funguo. Anakuja Alhamisi asubuhi kuona kama ukumbi bado una watu. Akiukuta mtupu, ataupangisha. Nikamuuliza, kwa upole tu, je, mtu mwenye viti anaweza kuupanga? Akasema hata mwenye mbuzi.

Basi kazi ni ndogo. Alhamisi asiwepo mtu.

Jumanne, 4 Machi

Nimeingia ukumbini kupima pa kuweka viti. Nikakuta darasa la kushona la fundi cherehani. Na Mama! Nilidhani mchana huwa amelala. Amepakata kopo la vifungo, anachambua vya koti na vya shati, na anaongea! Anawasimulia jinsi marehemu baba alivyovaa suruali nje ndani siku aliyokwenda kumposa. Wanawake wanacheka mpaka cherehani zimesimama. Hadithi hiyo mimi sijawahi kuisikia.

Njiani nikamuuliza mbona nyumbani haniambii mambo kama hayo. Akasema nyumbani amwambie nani, viti?

Imeniuma. Imeniuma kweli. Nimekaa na chaki mkononi, nawaza. Ukumbi ukienda, Mama ataongea na nani? Nikainuka nikamwambie fundi mambo yote. Kiti kikanigonga goti. Goti likaamua.

Nikaenda kwenye ubao wa mlangoni pa ukumbi, nikaandika kwa herufi kubwa: ALHAMISI MIMI NA FUNDI TUNAFUNGA. MWENYE FUNGUO. Fundi nimemtaja ili ionekane tumekubaliana. Mwenyewe sijamwambia, ana maswali mengi, na kesho hayupo, anakwenda kununua vitambaa.

Jumatano, 5 Machi

Tangazo linafanya kazi! Kinyozi amenikata nywele bure. Kanishika mkono, hauachii, eti nimechelewa lakini si neno. Nikamwambia haukuwa uamuzi mwepesi. Akasema kwake pia haukuwa mwepesi. Akauliza kama amwambie mkewe. Nikasema amwambie kila mtu!

Jirani wa ghorofani, ambaye hajanisalimia tangu nizibe ngazi kwa viti, leo kanisalimia mara mbili. Mama anaimba bafuni. Kumbe watu ni waelewa hivi!

Alhamisi, 6 Machi

Ole wangu.

Nilimpokea bwana wa halmashauri kituoni. Njia nzima namweleza jinsi ukumbi ulivyokufa, jinsi hata panya wamehama. Tukafika. Mlango wazi! Mama kanichomolea funguo mfukoni. Ukumbi umejaa pomoni. Watu wamepiga pasi. Wanawake wa darasa wametundika maua ya vitambaa. Na wamekalia viti vyangu! Wamevibeba vyote nilipokuwa kituoni.

Kinyozi akapaza sauti kwamba bwana harusi ndiye huyu. Nikageuka nyuma kumtafuta.

Kumbe mimi nafunga milango, wao wanafunga ndoa!

Fundi akaja, mkono kiunoni, tepu ya kupimia shingoni. Akasema amesikia anaolewa na mimi, na angependa naye kuarifiwa. Nikasema nilikuwa nafunga ukumbi tu. Nikatamani ardhi ipasuke. Kisha Mama akaanza kucheka, na ukumbi mzima ukamfuata.

Hakuna aliyeondoka. Fundi alisema maadamu watu wameshapiga pasi, wakae. Wakakaa mpaka jioni. Mama alimshonea bwana wa halmashauri kifungo cha koti huku akimsimulia ile suruali ya baba. Bwana akasema ukumbi kama huu haupangishwi, akaaga, akarudi kusikiliza mwisho wa hadithi.

Nilibaki nafagia. Nikawaza: mtu niliyemzibia ngazi amenyoosha shati kwa ajili yangu. Sikujua kama nina watu. Nimeona aibu, nimeona na furaha, sijui ipi ilitangulia.

Ijumaa, 7 Machi

Mama ananiongelesha tangu chai ya asubuhi. Sijapata hata upenyo wa kujibu. Raha iliyoje! Anataka niende kwa fundi nimwombe radhi uso kwa uso. Uso kwa uso! Na ule mkono kiunoni? Ubao unatosha.

Fundi naye ametuma neno: niwaeleze watu waziwazi kwamba mimi na yeye hatuna kifungo chochote. Kinyozi anasema kosa langu ni kutumia neno lenye maana mbili. Hapo nimekubali. Safari hii nimechagua kwa makini. Kinyume cha kufunga ni kufungua. Waliofungwa pamoja wakijitoa wenyewe, basi wamejifungua. Neno moja, maana moja.

Nimeandika kwa herufi kubwa kuliko za Jumanne: MIMI NA FUNDI TUMEJIFUNGUA.

Watu wamepita, wamesoma, wameondoka mbio. Ujumbe umefika. Jirani wa ghorofani ameniletea beseni dogo na nepi. Sijaelewa za nini. Nimeziweka juu ya viti.